Mstari Mrefu Ulioitwa Mfupi

"Na hilo la 'jaribio tu, jaribio tu' ulimeze, kaka, nisilisikie tena! Jaribio gani la siku kumi na mbili? Hata jipu lina siku yake ya kupasuka. Hilo lako linapasuka lini?"

Mwalimu wa Hesabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha lori, alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya walimu na daftari la mahudhurio mkononi. Walimu wengine walijitia hamnazo. Mmoja alichonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

"Dada, punguza sauti basi," alisema Hadubini.

"Sipunguzi! Siku sita kiti cha Karani kiko wazi. Mtoto yule akiwa na homa anakuja, anakaa karibu na dirisha, anaandika huku anatetemeka. Nimewauliza wenzake, wanatazamana kama watu walioiba kitu wakakosa pa kukificha. Nimembana Redio, akalia, akaniambia, 'Muulize mwalimu wa Saikolojia.' Haya, mwalimu wa Saikolojia, nakuuliza. Ulimfanya nini mtoto wa watu?"

Hadubini alikuwa ameshamweleza mara mbili. Mara ya kwanza alieleza huku akicheka kidogo. Mara ya pili kicheko hakikutoka.

"Mama yake unamjua?" aliuliza Mwalimu wa Hesabu, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo iliyotisha.

"Sijawahi kumwona."

"Naye hajakuona, wala hatakuona. Ni kipofu. Macho yalimwisha polepole, mtoto akiwa darasa la tatu. Huyo Karani ndiye anayemshika mkono kwenda kila mahali. Na wewe umekwenda kumchezea huyo huyo macho yake, mbele ya darasa zima."

Hadubini alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Haikuwa na uchafu.

Sasa tuseme ukweli, huyu bwana hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana inaudhi. Mtu mbaya akifanya ubaya unamtukana, unalala. Huyu alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwalimu wa Biolojia kwa miaka tisa, amepanga chumba kimoja chenye kitanda, jiko, na suruali mbili kwenye msumari. Dada yake mkubwa alimpigia simu kila Jumapili.

"Umeoa?"

"Bado, dada."

"Unangoja nini, cheti?"

Jina la Hadubini alipewa na wanafunzi kwa ajili ya miwani yake mizito na tabia yake ya kuinamia kitu mpaka pua ikiguse. Alifundisha moyo wa chura, figo, majani, mizizi. Watoto waliokaa nyuma walilala. Waliokaa mbele walilala kwa adabu, macho wazi. Miaka tisa. Wewe jaribu kuongea na watu miaka tisa, hakuna anayetaka kujua utasema nini baadaye.

Halafu mwanzoni mwa mwaka Mkuu wa shule akamwita ofisini. "Kidato cha kwanza wataanza somo la Saikolojia. Kipindi kimoja, kila Alhamisi, saa ya mwisho. Wewe unajua mwili. Ubongo si uko ndani ya mwili?"

"Uko, mzee."

"Basi, umepata somo."

Akapewa kitabu. Jalada halikuwepo, na kurasa kumi na nane za mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Kwa hiyo Hadubini alianza kuijua Saikolojia kuanzia ukurasa wa kumi na tisa, na hakuuliza zile za mwanzo zilisema nini.

Siku ya kwanza hata hajaandika tarehe ubaoni, mkono ukainuka. Alikuwa Redio, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na mahali pa kuzimia.

"Mwalimu, sasa hivi nawaza nini?"

"Unawaza kwenda nyumbani."

Darasa likalipuka. "Ameweza! Jamani ameweza!"

"Tulieni! Huo si uganga. Ni saa ya mwisho, kila mtu anawaza kwenda nyumbani, hata mimi. Saikolojia si kusoma mawazo ya mtu. Ni kuangalia watu wanafanya nini, kujiuliza kwa nini, halafu kujaribu kuona kama jibu lako ni la kweli. Fumbeni macho."

Wakafumba, watoto arobaini.

"Umeshika limau. Ni baridi. Unalikata kwa kisu, maji yanachuruzika mpaka kwenye kidole. Unachukua kipande. Unakilamba."

Darasa zima likafanya "ssss", mashavu yakabonyea.

"Nani mdomo umemjaa mate?" Mikono arobaini juu. "Na limau liko wapi?"

"Halipo!"

"Haya. Mdomo umejiandaa kwa kitu ambacho hakipo, kwa sababu ya maneno tu. Ndiyo tutakayosoma hapa. Mtu anaongozwa na vitu vingi ambavyo hata havioni."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, kengele ililia na watoto wakasema, "Aaaah." Wiki ya pili aliwasomea maneno ishirini, akawaambia waandike wanayokumbuka, na karibu wote wakakumbuka ya mwanzo na ya mwisho, ya katikati yakapotea. Wakabishana mpaka nje. Wiki ya tatu watoto wa vidato vingine walikuwa wanachungulia madirishani. Njiani waliita, "Mwalimu, leo tunajaribu nini?" Hadubini akaanza kupiga pasi shati la Alhamisi. Amevishwa kilemba cha ukoka na watoto wa miaka kumi na minne, naye akatembea nacho kama cha hariri.

Ndipo akafika ukurasa wenye mistari.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Unachora kwenye kadi mistari mitatu, mmoja ni mrefu wazi wazi, hata mbuzi angeuona. Unawaita watu saba, unawauliza mmoja mmoja kwa sauti: upi mrefu zaidi? Lakini sita umeshapatana nao pembeni. Kadi mbili za kwanza waseme kweli. Baada ya hapo wote sita waseme uongo ule ule. Wa saba, ambaye hajui lolote, anajibu mwisho. Unaangalia kama atasema anachokiona, au atasema walichosema wenzake. Kitabu kilisema watu wengi hukubali uongo angalau mara moja, kwa sababu kuwa peke yako ni kugumu.

Wa saba akamchagua Karani. Watoto walimwita hivyo kwa kuwa aliandika kila kitu, hata mwalimu akikohoa. Alikuwa mpole, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Sita wengine, Redio akiwa wa kwanza, aliwaita maabara wakati wa mapumziko, akawafundisha majibu.

"Ukimwambia mtu hata mmoja," alimwambia Redio, "umeharibu sayansi."

"Mimi? Mwalimu, mimi ni kaburi."

"Wewe ni kaburi lenye spika. Funga mdomo."

Alhamisi saa ya mwisho, viti saba mbele, kadi ndogo zisizoonekana vizuri kutoka nyuma, Karani wa mwisho. Kadi ya kwanza, wote "B". Ya pili, wote "A". Ya tatu mrefu ulikuwa C, umezidi wenzake kwa upana wa kidole gumba.

"A," alisema Redio, bila kupepesa.

"A." "A." "A." "A." "A."

Karani aliitazama kadi. Akawatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine. "C," alisema.

Huko nyuma mtu akaguna. Kadi ya nne, tena sita wakasema uongo. Karani akasogea mbele kwenye kiti. "B," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua nusu. Kadi ya tano, wenzake wakasema "C" kama watu wanaohesabu mayai. Karani akasugua jicho la kulia. Akasugua la kushoto. Akafumba moja, akatazama kwa lingine, akabadilisha.

"C," alisema. Alikuwa amefuata.

Na Hadubini, nyuma ya kadi, moyo ukamruka kwa furaha. Kitabu ni kweli! Akaandika kwenye daftari lake: *amefuata*. Ya sita, *amefuata*. Ya saba, *amefuata*. Akaandika na hili: *anasugua macho*. Alilipigia mstari chini, kwa sababu aliliona ni jambo la kuvutia.

Kengele ikalia.

Hapo sasa. Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili timamu angesema, "Ngojeni! Karani, wewe ulikuwa sahihi, hawa niliwapanga." Sentensi moja. Haichukui hata muda wa kufunga begi. Redio alikuwa ameshavuta pumzi ya kuisema. Lakini Hadubini aliwatazama watoto arobaini wenye macho ya kutaka kujua, akaonja ule utamu, akaona akikata uhondo hapo kati watahesabu siku. Akaweka kidole mdomoni, akawakonyeza wale sita.

"Majibu Alhamisi ijayo!" alisema. Kisha akawanong'oneza wale sita, "Na mtu asitoboe siri."

Karani alibaki kwenye kiti akiwa ameshika kadi ya mwisho, amenyoosha mkono, akiisogeza karibu, akiipeleka mbali. Hadubini alimwona. Msisahau hilo, alimwona. Akaichukua kadi mkononi mwake, akasema, "Nipe, itakunjika," akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata Mkuu aliita mkutano, vipindi vya mwisho vikafutwa. Hadubini akasema moyoni, haidhuru, wiki nyingine. Wakati huo Karani alikuwa ameshakosa siku tatu, na yeye alikuwa ameshaweka alama tatu za "hayupo" kwa kalamu nyekundu, mwandiko mzuri tu.

Jioni ile ya kukemewa na Mwalimu wa Hesabu, alikwenda. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi mwembamba katikati, kamba za nguo juu. Mlango wa nne ulikuwa wazi. Kizingitini, kwenye kigoda, mwanamke alikuwa anafuma sweta la shule. Sindano zilikwenda haraka kuliko macho ya Hadubini.

"Hodi."

"Karibu. Ila usisimame hapo, unanizibia mwanga."

Hadubini akaruka pembeni. "Samahani, mama!"

Mwanamke akacheka mpaka sweta likatikisika. "Kila mgeni anaruka! Mwanga nina kazi nao gani? Ingia, baba. Wewe nani?"

"Mimi ni mwalimu wa... wa Karani. Yaani, wa binti yako."

"Aa, mwalimu! Umefanya vizuri kuja. Ameniambia shule imefungwa kwa ajili ya mkutano. Nikasema mkutano gani huu wa wiki nzima, wanamchagua mfalme?" Akageuza uso kuelekea ndani. "Mama wewe! Mletee mwalimu wako chai!"

Macho ya Hadubini yalizoea giza la chumba. Kulikuwa na meza, vitanda viwili, mafungu ya uzi. Na mezani alikuwa amesimama Karani, kitambaa cheusi kimefungwa machoni, kimekazwa nyuma ya kichwa kwa mafundo mawili. Alikuwa anamimina chai. Ncha ya kidole chake ilikuwa ndani ya kikombe, ili ajue kikijaa. Kidole chenyewe kilikuwa chekundu, na kingine kilikuwa kimefungwa tambara.

Alikuwa amesikia sauti. Mkono wake ukasimama hewani na birika.

Mama alikuwa anaendelea kufuma, anatabasamu, na hakuwa anajua. Angejuaje? Mtoto alikuwa anajifunza upofu hatua tano kutoka kwa mama yake, na mama hakuwa na namna ya kuona. Mtu pekee mwenye macho mle ndani alikuwa Hadubini, na hajawahi kutamani kutokuwa nayo kama dakika ile.

Angeweza kuondoka. Angeweza kusema, "Njoo shule kesho, sawa?" na kunywa chai.

"Mama," alisema. "Binti yako amefunga kitambaa machoni."

Sindano zikanyamaza.

"Amefunga nini?"

"Kitambaa. Anamimina chai bila kuona. Ana vidole vimeungua."

"Mwanangu. Njoo hapa."

Karani alikuja akipapasa ukuta, akahesabu hatua kwa midomo. Mama akampapasa uso, akakuta kile kitambaa, vidole vikaganda juu yake.

"Huu mchezo gani?"

"Si mchezo, mama," alisema Karani. "Yameanza. Kama yako. Nilitaka nizoee kabla hayajaisha, ili nisikusumbue."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Niliona mwenyewe, darasani. Watu wote waliona mstari mmoja ni mrefu, mimi nikaona mwingine. Watu sita, mama. Kama lile sweta lako."

Mwanamke akashusha pumzi. Akamgeukia Hadubini, kwa sababu aliona lazima mtu mgeni aelezwe. "Mimi yangu yalianza hivyo, mwalimu. Nilifuma sweta, nikaona mikono iko sawa. Mwenye sweta akasema mmoja mrefu. Jirani akasema mmoja mrefu. Nikawagombeza wote, nikasema mna wivu. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sioni. Huyu amekua akiisikia hadithi hiyo, naisimulia kwa kuchekesha watu."

Hadubini akakaa chini, sakafuni, hakungoja kiti.

"Karani, macho yako ni mazima," alisema. "Wale sita niliwapanga mimi. Niliwafundisha waseme uongo. Wewe ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

Yule mtoto, kitambaa bado usoni, akauliza taratibu, "Hilo ni jaribio pia?"

"Hapana! Ni kweli."

"Siku ile pia ulisema ni kweli. Ulisema, 'Angalieni vizuri, jibuni mnachoona.'"

"Nilidanganya."

"Sasa nitajuaje leo hudanganyi? Labda umenionea huruma."

Miaka tisa ya ualimu, na neno lake halikuwa na thamani ya punje mbele ya mtoto wa miaka kumi na minne. Alijaribu kujitetea, bwana wee, bora angenyamaza. "Mama, kitabu nilichopewa kina kurasa zilizong'oka. Huenda huko mwanzo waliandika kwamba mtu aambiwe ukweli palepale..."

"Kwani hilo linahitaji kitabu?" Mama wa Karani hakupaza sauti. "Mimi ni kipofu, mwalimu, si mjinga. Unamficha mtoto ukweli siku kumi na mbili halafu unalaumu karatasi? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ungefanyiwa wewe hivyo na Mkuu wako, ungesubiri Alhamisi?"

"Nisingesubiri."

"Basi." Akapapasa kapu, akatoa uzi wa buluu. Akakata vipande vitatu, akivipima kwa shibiri yake chini ya sweta. "Mwanangu, fungua hicho kitambaa."

"Mama, siwezi."

"Hawa watu wa macho wanaweza kukudanganya. Hata mimi naweza. Vidole vyako je? Fungua."

Karani akafungua fundo la kwanza, akakaa. Akafungua la pili. Alipepesa macho kama mtu aliyetoka majini. Mama akainua ngumi, vipande vitatu vinaning'inia.

"Upi mrefu?"

Mtoto alimtazama mwalimu. Hadubini akatazama sakafu haraka, uso wake usije ukasema chochote.

"Wa katikati," alisema Karani, kwa sauti ya kuomba.

"Uchukue. Uuweke na wenzake. Usitazame, shika ncha."

Akashika. Akavuta. Vidole vyake vilivyoungua vikatembea juu ya uzi mpaka mwisho, na wa katikati ukabaki peke yake, umewazidi wenzake. Akasema, "Tena." Mama akakata vingine. Akapata. "Tena." Akapata. Mara ya sita hakuomba tena. Alikaa chini karibu na miguu ya mama yake, akalia kilio cha hasira, kile kisicho na machozi mengi.

Ndipo akamgeukia Hadubini.

"Kwa nini mimi?"

Lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikwepa siku zote kumi na mbili. Angeweza kusema bahati nasibu. Lakini uongo ulikuwa umeshamchosha.

"Kwa sababu wewe hubishi," alisema. "Nilijua utafuata. Nilitaka ifanye kazi mbele ya darasa."

"Lakini nilibisha."

"Nini?"

"Nilibisha, mwalimu. Kadi ya tatu nilisema C. Kadi ya nne nilisema B. Watu sita walisema vingine, nikasema nilichoona. Mara mbili. Hukuandika?"

Hadubini alikuwa na lile daftari kwenye mfuko wa shati. Hakulitoa. Alijua kilichomo: *amefuata, amefuata, amefuata, anasugua macho*. Zile mara mbili ambazo mtoto mpole kuliko wote alisimama peke yake dhidi ya watu sita, alikuwa ameziacha wazi, kwa sababu hazikuwa jibu alilolitaka.

"Sikuandika," alisema.

Chai ilikuwa mezani, hakuna aliyeinywa. Mama wa Karani akaokota sindano zake. "Kesho asubuhi utawaambia hao watoto. Siyo Alhamisi. Kesho."

"Kesho, mama."

"Na ukitoka usinizibie mwanga." Safari hii hakucheka.

Asubuhi Hadubini aliomba dakika kumi za kipindi cha Hesabu. Mwalimu wa Hesabu alimpa, akasimama nyuma ya darasa, mikono kifuani, kama askari wa gereza. Karani alikuwa amekuja. Alikaa karibu na mlango.

Hadubini aliwaambia yote. Alizionyesha kadi, akaweka rula juu ya kila mstari, akawafanya wasome sentimita kwa sauti. Akasema nani alisema kweli na nani alidanganya na nani aliwafundisha kudanganya. Akaandika ubaoni: kadi ya tatu, peke yake, sahihi. Kadi ya nne, peke yake, sahihi. Chaki ikavunjika.

Redio akasimama, pua inatiririka. "Mwalimu, mimi nilitaka kumwambia siku ileile, pale getini. Nikaogopa utanifukuza kwenye Saikolojia."

"Najua. Kosa si lako. Niliwafunga midomo ninyi sita kama nilivyomfunga yeye macho." Akamgeukia Karani. "Nisamehe. Nilitaka kusifiwa, nikakutumia wewe."

Watu wanapenda hapa mtoto atabasamu, aseme nimekusamehe mwalimu, darasa lipige makofi. Hakuna aliyepiga kofi. Karani alimtazama, akasema, "Nimesikia," akafungua daftari la Hesabu.

Amerudi shule, ndiyo. Hajakosa siku tangu hapo. Lakini akiulizwa swali, hata la kujumlisha, kwanza anazungusha macho, anawatazama wenzake mmoja mmoja usoni, kutafuta aliyekonyezwa. Ndipo anajibu. Hadubini anakiona kitendo hicho kila Alhamisi. Shati hapigi pasi siku hizi. Sasa kila akimaliza jaribio anasema ukweli wote palepale, hata kengele ikilia, hata watoto wakisonya wanataka kwenda nyumbani. Ni vizuri. Lakini hilo halimfutii yule mtoto zile siku kumi na mbili za giza, na yeye anajua halimfutii, na ndivyo anavyolala nalo na kuamka nalo.

Na wewe unayesoma, usijifanye unamshangaa Hadubini. Kuna mtu ulimcheka mbele za watu ukijua yuko sahihi. Mdogo wako, mke wako, mwenzako kazini, yule mliyemwambia wote kwamba amekosea, nawe ukanyamaza kwa kuwa uhondo ulikuwa mtamu. Ukasema utamwambia siku moja. Siku moja haimo kwenye kalenda. Acha kusoma. Mpigie simu, au vaa viatu umfuate alipo, umwambie: wewe ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyedanganya. Inuka, nenda.